Tarehe ya Kuondoka: Kumbukumbu za Ulezi wa Kujitolea kati ya Singe na Sachsen

Neno mlezi katika Kiswahili cha kila siku hubeba watu wengi kwa pamoja. Humtaja bibi anayekaa na wajukuu ambao wazazi wao wamekwenda mjini kutafuta maisha, humtaja mjomba anayenunua sare na madaftari ya mtoto wa dada yake, humtaja mtu mzima anayesimamia vijana wa kwaya kanisani, na siku hizi humtaja pia mwajiriwa wa makao ya watoto, yaani nyumba iliyosajiliwa kwa ajili ya watoto wasioweza kuishi na familia zao, ambaye huingia zamu, huandika daftari la makabidhiano na kupokea mshahara mwisho wa mwezi. Kujitolea, kwa upande wake, ni kutoa nguvu na muda bila kudai ujira, na kila anayejitolea huwa na siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Maneno haya mawili yanapokutana katika kazi moja ugumu hujitokeza papo hapo, kwa sababu mtoto humwamini mlezi kwa kadiri anavyodhani kuwa mlezi huyo atakuwapo kesho na keshokutwa, ilhali anayejitolea amefika akiwa na tiketi ya kurudi mfukoni.

Kumbukumbu zinazofuata zinatokana na mwaka mmoja, kuanzia Septemba 2016 hadi Agosti 2017, ambapo mwandishi, mzaliwa wa Singe katika mji wa Babati nchini Tanzania, alihudumu kwa kujitolea katika makao ya watoto kwenye mji mdogo wa jimbo la Sachsen, mashariki mwa Ujerumani. Na zinatokana pia na miaka iliyofuata, ambapo mwandishi huyohuyo, akiwa amerejea nyumbani, amekuwa akiwaona vijana wa Ulaya na Marekani wakija Manyara kufanya kazi ileile katika mwelekeo ulio kinyume. Hoja inayoziunganisha safari hizo mbili ni kwamba tarehe ya kuondoka ya mlezi wa kujitolea ni sehemu ya malezi yenyewe, tena sehemu inayostahili kupangwa kabla ya nyingine zote, kwa kuwa makosa mengi yaliyoshuhudiwa katika kazi hii, likiwamo kosa kubwa la mwandishi mwenyewe, yalitokana na watu wazima kuificha, kuisahau au kuipamba tarehe hiyo.

Singe ni mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mlima Kwaraa uko upande mmoja wa mji na Ziwa Babati lenye viboko wake liko upande mwingine, na kati ya hivyo viwili wanaishi Wagorowa na Wairaqw wenye lugha za Kikushi, Wabarbaig wenye lugha ya Kinailoti, na Warangi na Wambugwe wenye lugha za Kibantu, kiasi kwamba mtoto anayekulia hapo huzoea mapema kuwa mtu mzima wa nyumba ya pili anaweza kumkemea kwa lugha moja na kumpa chakula kwa lugha nyingine. Katika nyumba aliyokulia mwandishi walikuwapo watoto saba, na watatu kati yao hawakuzaliwa na mama mwenye nyumba: mmoja alikuwa wa mama mdogo aliyefariki, mwingine wa mjomba aliyekuwa akifanya kazi mbali, na wa tatu aliletwa na jirani wa zamani bila maelezo marefu. Wote walikula makande sufuria moja na wote walimwita mwenye nyumba mama. Haifai, hata hivyo, kuyapamba malezi ya ukoo yakaonekana kama pepo, kwa maana yule wa tatu ndiye aliyeamshwa kwanza kwenda kuteka maji na ndiye aliyekosa shule wakati wa mavuno, na ilichukua miaka mingi kwa mwandishi kutambua kwamba mkono uliompokea mtoto yule ndio uliokuwa ukimtumikisha.

Njia iliyompeleka mwandishi Ujerumani inahitaji maelezo, kwa kuwa si wengi wanaoifahamu. Mwaka 2008 Wizara ya Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo ya Ujerumani ilianzisha mpango uitwao weltwärts, jina lenye maana ya kuelekea ulimwenguni, kwa ajili ya kuwapeleka vijana Wajerumani kujitolea katika nchi za Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na kwingineko, Tanzania ikiwa mojawapo. Kwa miaka ya mwanzo mpango huo ulikwenda upande mmoja tu. Mwaka 2013 ulifunguliwa mlango wa pili, wa Kusini kwenda Kaskazini, ambao kijana wa Tanzania huupitia kwa udhamini wa taasisi mbili zinazoshirikiana, moja ya kwao na moja ya Ujerumani. Afikapo huko huingizwa katika huduma ya kujitolea ya shirikisho iliyoanza Julai 2011, mwaka ambao Ujerumani ilisitisha jeshi la lazima na hivyo kupoteza maelfu ya vijana ambao, kwa kukataa kubeba silaha kwa sababu za dhamiri, walikuwa wakitumikia badala yake katika hospitali, nyumba za wazee na makao ya watoto. Pengo lililoachwa na vijana hao ndilo waliloingia wanaojitolea wa sasa, wenyeji kwa wageni.

Masharti ya huduma hiyo yalimshangaza mwandishi kwa wingi wake kabla hayajamshangaza kwa hekima yake. Ilitakiwa hati ya polisi kuthibitisha kuwa hana rekodi ya uhalifu; ilitakiwa lugha, angalau ya kuanzia, iliyomlazimu kukaa Dar es Salaam miezi kadhaa akijifunza; zilitakiwa siku 25 za semina katika mwaka mmoja wa utumishi, ambazo kijana aliye chini ya umri wa miaka 27 hawezi kuzikwepa hata kama kituo kina upungufu wa watu. Sharti lililo muhimu kuliko yote lilikuwa lile lisemalo kwamba anayejitolea hawezi kushika nafasi ya mfanyakazi anayelipwa. Maana yake ni kwamba kituo chochote lazima kiweze kuendesha shughuli zake zote bila yeye, na kwamba siku asipofika kazini hapatakuwa na mtoto atakayelala njaa, atakayekosa dawa au atakayebaki bila mtu wa kumsikiliza. Kijana aliyetoka Singe akidhani anakwenda kuhitajika sana alijifunza katika wiki ya kwanza kwamba amewekwa mahali ambapo hahitajiki kwa namna hiyo, na kwamba utaratibu huo umewekwa kwa makusudi.

Makao yenyewe hayakufanana na picha iliyokuwa kichwani mwake. Hapakuwa na bweni refu lenye vitanda vya safu wala geti lenye jina la mfadhili. Ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili katika mtaa wa kawaida, yenye watoto tisa wa umri kati ya miaka 6 na 15, kila mmoja au kila wawili wakiwa na chumba chao, na yenye walezi watano waliopokezana usiku na mchana. Kila mlezi alikuwa amesomea kazi hiyo katika chuo cha ufundi wa malezi kwa takriban miaka 3, na kila mtoto alikuwa na mlezi wake maalumu miongoni mwa hao watano, yaani mtu mmoja anayejua ratiba yake ya meno, jina la mwalimu wake, kile anachokiogopa usiku na siku ambayo mama yake huja kumtembelea. Jugendamt, yaani ofisi ya ustawi wa watoto na vijana ambayo kila wilaya na kila mji mkubwa wa Ujerumani huwa nayo, ndiyo iliyowaweka watoto hao pale na ndiyo iliyolipa gharama zao. Ofisi hiyo huandaa kwa kila mtoto mpango wa msaada unaoandikwa pamoja na wazazi, mlezi na mtoto mwenyewe na kupitiwa upya mara kwa mara, na swali linalorudi katika kila kikao ni kama mtoto anaweza sasa kurudi nyumbani.

Jambo lililomshtua mwandishi ni kwamba katika watoto wale tisa hapakuwa na yatima hata mmoja. Wote walikuwa na mzazi aliye hai, na wengi walikuwa na wazazi wote wawili, ambao walishindwa kuwalea kwa sababu ya ulevi, ugonjwa wa akili, ukatili wa nyumbani au mzigo uliowazidi uwezo. Wavulana wawili wakubwa, mmoja kutoka Afghanistan na mwingine kutoka Eritrea, walikuwa na mama zao upande wa pili wa simu, kwa kuwa walikuwa miongoni mwa wale waliofika bila wazazi katika mwaka 2015, ambapo ofisi za watoto nchini Ujerumani zilipokea wakimbizi watoto wa namna hiyo zaidi ya 40,000. Mwandishi alikuwa amekuja kulea yatima, akakuta watoto wenye wazazi. Na mshtuko huo ulimrudisha nyumbani kimawazo, kwa sababu neno yatima lenyewe, likichunguzwa, haliko kama linavyodhaniwa. Katika fiqhi ya Kiislamu yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, hata kama mama yake yupo; katika hesabu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto ni mtoto aliyepoteza mzazi mmoja au wote wawili; lakini mfadhili aliye mbali anapolisikia neno hilo huona akilini mtoto asiye na mtu kabisa, na kwa picha hiyo hutoa fedha.

Makosa ya mwanzo ya mwandishi yalikuwa ya mikono. Singe mtoto anayelia huinuliwa na mtu mzima aliye karibu naye, awe ni wake au si wake, na kutofanya hivyo ni ukatili. Katika makao yale mtu mzima alitakiwa kuinama hadi usawa wa macho ya mtoto, kumuuliza kama anataka kushikwa, kisha kusubiri jibu, kwa kuwa baadhi ya watoto walikuwa wameguswa vibaya na watu wazima na mikono inayokuja bila kuulizwa iliwarudisha kwenye yale waliyoyakimbia. Utaratibu huo ulimwuma, akauona kuwa baridi ya Wazungu, mpaka siku ambapo msichana wa miaka 9 aliyekuwa akikataa kila mara alikuja mwenyewe jikoni, akasimama, akainua mikono. Kosa la pili lilihusu jina. Watoto wadogo walianza kumwita mama, naye alifurahi na kuwaacha, kwa kuwa kwao hilo ni jina la heshima ambalo mwanamke yeyote mtu mzima hulipokea. Mlezi mkuu wa zamu alimweleza kwa upole, lakini bila kuacha mwanya, kwamba kila mmoja wa watoto wale alikuwa na mama aliyekuwa akipigania kupewa nafasi tena, na kwamba mgeni mwenye visa ya mwaka mmoja hana haki ya kukikalia kiti hicho. Badala yake mwandishi aliwafundisha shikamoo na marahaba, salamu ambayo waliipenda mno, ingawa mvulana mmoja wa miaka 7 aling'ang'ania kuanza na marahaba kwa sababu alitaka kuwa mkubwa.

Ujerumani yenyewe haikuipata nidhamu hiyo bure. Moja ya semina iliwapeleka vijana wa kujitolea katika mji wa Torgau, uliopo Sachsen kandokando ya mto Elbe, ambako serikali ya Ujerumani Mashariki iliendesha kati ya mwaka 1964 na 1989 kituo kilichofungwa cha kuwarekebisha vijana kilichopitiwa na vijana zaidi ya 4,000, wengi wao wakiwa hawajahukumiwa na mahakama yoyote, na ambacho leo ni jumba la kumbukumbu. Upande wa Magharibi nao haukuwa na cha kujivunia. Watoto wanaokadiriwa kuwa kati ya 700,000 na 800,000 walipitia makao ya Ujerumani Magharibi kati ya mwaka 1949 na 1975, mengi yakiwa ya makanisa, na wengi wao walipigwa, walifanyishwa kazi bila malipo na kudhalilishwa, wakakaa kimya kwa miongo kadhaa hadi walipozeeka na kupeleka malalamiko yao bungeni. Meza ya mazungumzo ya kitaifa ilikaa mwaka 2009 na 2010, na kuanzia mwaka 2012 ikawapo mifuko ya kuwasaidia waathirika wa pande zote mbili. Mwandishi aliondoka Torgau akiwa na somo moja la kushika: kanuni zilizomkera, ile ya kuuliza kabla ya kushika, ile ya kutopiga picha za watoto, ile ya kuandika kila kitu katika daftari la zamu, zilikuja baada ya gharama iliyolipwa na watoto ambao hawakuulizwa.

Swali lililotangulia maswali mengine yote katika makao yale, nalo liliulizwa na karibu kila mtoto kabla ya kuuliza jina, lilikuwa: unaondoka lini? Walikuwa wamekwisha kuwaona wengi, wanafunzi wa vyuo waliokuja kwa mazoezi ya miezi 3 na vijana wa kujitolea wa mwaka 1, na walikuwa wamejifunza kumpima mgeni kwa kipimo hicho. Kituo kilikuwa na desturi ya kulijibu swali hilo kwa ukweli mtupu. Kwenye ukuta wa jikoni palikuwa na kalenda ambayo tarehe ya kuondoka ya mwandishi iliwekwa alama tangu siku ya kwanza, na kila mwezi mpya ulipofika alitakiwa kukaa na watoto na kuitaja. Zoezi hilo lilimchosha moyo. Miezi ya mwanzo alilitimiza kwa haraka, akibadilisha mazungumzo, hadi alipogundua kwamba watoto walio wadogo zaidi walikuwa wakienda wenyewe kuzihesabu siku na kwamba hesabu hiyo iliwatuliza.

Sababu ya utulivu huo imefanyiwa uchunguzi wa muda mrefu. Mwaka 1951 daktari wa Uingereza John Bowlby, katika taarifa aliyoliandikia Shirika la Afya Duniani, alieleza kwamba mtoto mchanga na mtoto mdogo huhitaji uhusiano wa karibu, wa kudumu na wenye upendo na mama au mtu anayeshika nafasi yake, na kwamba kuvunjwa kwa uhusiano huo huacha jeraha. Uhusiano huo huitwa mshikamano, yaani kamba isiyoonekana ambayo mtoto huifunga kwa mtu mzima anayemlisha, anayemtuliza na anayerudi kila mara. Uthibitisho ulio na nguvu zaidi ulipatikana Bucharest, Romania, ambako kuanzia mwaka 2000 watafiti wa Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa katika taasisi, nusu yao wakahamishiwa katika familia za kambo zilizoandaliwa kwa ajili hiyo. Waliohamia katika familia waliwazidi wenzao kwa akili, lugha na hisia, na waliohamishwa kabla ya kufikisha miaka 2 ndio waliofaidika zaidi. Taasisi zile zilikuwa na chakula na paa. Kilichokosekana ni mtu mmoja anayerudi. Kwa mtazamo huo, mgeni anayekuja kwa wiki 3, akambeba mtoto wa mwaka mmoja mgongoni kila siku, akamfanya amlilie, kisha akapanda ndege, ameifunga kamba na kuikata, na anayemfuata baada yake ataifunga na kuikata tena. Mtoto anayewakimbilia na kuwakumbatia wageni wote bila kuwabagua, ambaye wageni humsifu kwa upendo wake, mara nyingi anaonyesha kwamba kamba hiyo imekwisha kukatwa mara nyingi mno.

Pamoja na mafunzo hayo yote mwandishi alifanya kosa lake mwishoni. Siku ya kuondoka watoto walimsindikiza hadi kituo cha treni, jambo ambalo yeye ndiye aliyeliomba, kwa kuwa Singe mgeni haachwi mlangoni bali hupelekwa hatua kadhaa njiani, na walezi waliikubali desturi hiyo kwa furaha. Yule mvulana wa miaka 7, aliyekuwa akianza na marahaba, aliuliza kama atapata barua. Mwandishi, akiwa na machozi, aliahidi kadi moja kila mwezi. Hakuna aliyemtuma kuahidi, na mlezi maalumu wa mtoto huyo alikuwa amemwonya wiki iliyotangulia asiahidi asichoweza kukitimiza. Kadi ya Septemba ilikwenda, ya Oktoba ikaenda, na ya Novemba ikaenda ikiwa imechelewa. Baada ya hapo maisha ya nyumbani yalimmeza na hakuna kadi nyingine iliyotumwa. Katikati ya mwaka 2018 mlezi yule aliandika, bila lawama, kwamba mvulana alikuwa akienda kwenye sanduku la barua kila alipotoka shule hadi mwezi Februari, na kwamba alipoacha kwenda hakusema lolote.

Maisha yaliyommeza mwandishi yana sehemu yake katika hoja hii. Alirejea Babati mwishoni mwa Agosti 2017, wakati wa mavuno ya mbaazi, zao ambalo wakulima wa wilaya hulipanda pamoja na mahindi na kulitegemea kwa mahitaji ya shule, matibabu na mabati. Mwezi huohuo Serikali ya India, nchi iliyokuwa mnunuzi mkuu wa mbaazi za Tanzania, iliweka ukomo wa kiasi cha mbaazi kinachoweza kuingizwa nchini humo, na bei ikaanguka hadi wengine wakaona heri waziache shambani. Mwandishi alishuhudia katika miezi iliyofuata namna uamuzi uliofanyika mbali unavyofika kwenye mkeka wa mtoto: kijana mmoja aliacha shule, wasichana wawili walipelekwa Arusha kufanya kazi za ndani, na mama mmoja mjane wa watoto wanne alikwenda kuuliza kama makao ya watoto yangeweza kuwachukua wadogo wawili, kwa kuwa alisikia huko watoto hula mara tatu na husomeshwa na Wazungu. Mama huyo hakuwa mzembe na hakuwachoka wanawe. Alikuwa akifanya hesabu.

Sheria ya Tanzania na miongozo ya dunia imekwisha kulijibu swali la mama huyo, angalau kwenye karatasi. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 na kanuni za makao ya watoto za mwaka 2012 zinataka makao yasajiliwe na kukaguliwa, na zinampa afisa ustawi wa jamii jukumu la kuchunguza hali ya mtoto na familia yake; miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema kwamba umaskini peke yake usiwe kamwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake, na kwamba mtoto aliye chini ya miaka 3 atunzwe katika mazingira ya familia. Majirani wamekwenda mbali zaidi: Rwanda ilipitisha mwaka 2012 mkakati wa kuwarudisha watoto wa taasisi katika familia, na Kenya ilisimamisha mwaka 2017 usajili wa makao mapya. Fedha za Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao wananchi huufahamu zaidi kwa jina la TASAF, zinaweza kumbakisha mtoto nyumbani kwa gharama ndogo kuliko kitanda kimoja cha makao, na elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 imeondoa sababu iliyokuwa ikitajwa zaidi. Mjane yule hatimaye alibaki na wanawe, kwa msaada wa kaka yake, wa jumuiya ndogondogo ya kanisa, na wa afisa mmoja wa ustawi wa jamii aliyekwenda kwake kwa miguu mara tatu.

Hata hivyo makao yapo, na yataendelea kuwapo kwa ajili ya watoto waliotupwa, walioteswa au ambao ndugu zao hawapatikani, na vijana kutoka nje wataendelea kuja. Haitakuwa haki kuwasema vibaya kwa jumla. Mwandishi amewafahamu waliokaa mwaka mzima, wakajifunza Kiswahili hadi kutaniana sokoni, wakaomba kibali cha ukaazi cha daraja la C kinachowahusu wanaojitolea, wakawasikiliza akina mama walezi wa Kitanzania kama wanafunzi wanavyomsikiliza mwalimu. Amewafahamu pia wa wiki 2, waliolipa fedha nyingi kwa wakala wa safari na kuingizwa siku ya kwanza katika chumba cha watoto wachanga bila hati ya polisi wala mafunzo, huku mlezi wa kudumu, anayelipwa kidogo na aliyewalea watoto hao tangu walipoletwa, akiambiwa awapishe wageni ili wapige picha. Kinachoumiza katika hali hiyo ni mpangilio wa heshima: yule anayerudi kila asubuhi haonekani, na yule asiyerudi ndiye anayebaki ukutani katika fremu. Fedha zilizolipwa kwa wiki hizo 2 zingetosha kumlipa mlezi huyo vizuri zaidi kwa miezi kadhaa, na kijana wa Sachsen ambaye kwao haruhusiwi kulea watoto bila hati ya polisi hapaswi kuruhusiwa kufanya hivyo Babati kwa sababu tu watoto wa hapa ni maskini.

Tangu mwaka 2019 mwandishi amekuwa akisaidia siku mbili kwa wiki katika mojawapo ya makao ya watoto ya mji huu, kazi yake ikiwa kuwapokea wanaojitolea kutoka nje na kuwapangia shughuli kwa kushauriana na walezi. Swali la kwanza analowauliza, kabla ya jina na kabla ya chai, ni tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi ya kurudi. Wenye mwaka mmoja hukaa miezi 2 ya kwanza wakijifunza lugha na kufuatana na mlezi wa zamu, kisha hupewa kazi za masomo ya jioni na michezo na watoto wakubwa. Wenye wiki 3 hupelekwa kwenye bustani ya mboga, kwenye tangi la maji linalovuja, na jikoni, ambako hupukuchua mahindi ya makande pamoja na mpishi, na wapo waliolalamika kwamba hawakuja kwa ajili ya hilo. Watoto wachanga hubebwa na walezi wao wawili peke yao. Katika chumba cha kulia imetundikwa kalenda, na kila mgeni hutakiwa kuandika juu yake, kwa mkono wake na mbele ya watoto, siku atakayoondoka. Na anapofikia siku hiyo watoto humsindikiza hadi barabarani, naye huwa amekwisha kuambiwa asiahidi barua.